Punje Moja ya Mlimani: Historia ya PB ya Kilimanjaro

Tunda la mbuni kwa kawaida hubeba punje mbili. Hulala ndani ya tunda zikitazamana, kila moja bapa kwa ndani na yenye tumbo kwa nje, na katikati ya ubapa huo unapita ufa mwembamba. Mara chache punje moja tu ndiyo hukua. Kwa kuwa haina nyingine ya kuibana, hujaza nafasi yote na kuwa mviringo kama mbaazi. Katika biashara ya kahawa ya Tanzania na Kenya punje hii ina daraja lake, PB, na ile ya Tanzania, hasa ya miteremko ya Kilimanjaro, imejipatia jina kubwa katika masoko ya ng'ambo.

Jina hilo halikuletwa na maumbile peke yake. Punje moja huzaliwa popote mbuni unapozaa, iwe Brazili, India, Jamaika, Hawaii au Kenya, na katika mavuno ya kawaida ya arabika huwa asilimia 5 hadi 10 hivi. Kilimanjaro palikutana mambo matatu: mlima mrefu wenye udongo wa volkano, wakulima wadogo wengi walioshikilia haki yao ya kulima kahawa, na ushirika uliokusanya mazao ya maelfu ya kaya yakachambuliwa mahali pamoja. Bila hilo la tatu, punje moja ingebaki imechanganyika na nyingine, wala hakuna ambaye angeijua kwa jina.

Namna punje moja inavyotokea

Ua la mbuni lina ovari yenye vyumba viwili, na kila chumba kina kiiniyai kimoja. Viiniyai vyote viwili vikirutubishwa, tunda hupata punje mbili. Kimoja kikikosa kurutubishwa, au kikifa mapema baada ya kurutubishwa, kilichobaki hukua peke yake. Sababu ni nyingi. Mvua kubwa au ukame wakati wa maua huvuruga uchavushaji, mti wenye njaa ya mbolea hushindwa kulisha mbegu zake zote, na zipo aina za mibuni zinazorithi tabia ya kuzaa punje moja kwa wingi kuliko nyingine.

Kwa hiyo PB si aina ya mbuni. Mbegu ya mviringo ikipandwa huota mti kama mingine, wenye matunda ya punje mbili na machache ya punje moja. Tawi lile lile huzaa zote pamoja, na anayechuma hawezi kuzitofautisha kwa uhakika mpaka tunda limenywe. Mtafiti wa mbegu huihesabu punje moja kuwa upungufu, kwa sababu tunda lililopaswa kutoa mbili limetoa moja na uzito wa mavuno umepungua. Mnunuzi huihesabu kuwa tunu, kwa umbo lake na kwa uchache wake.

Mwinuko una kazi nyingine. Kadiri mtu anavyopanda mlima, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000. Katika ubaridi huo tunda huchelewa kuiva, na punje hupata muda mrefu wa kujaza sukari na kukomaa ikawa ngumu na nzito. Ugumu huo hubeba uchachu safi na harufu ambazo kahawa ya joto la tambarare haizipati. Ukanda wa kahawa wa Kilimanjaro unaanzia karibu mita 1,000 na kuishia chini kidogo ya mita 1,900, karibu na mpaka wa msitu. Miteremko ya kusini na mashariki hupokea mvua nyingi zinazoletwa na pepo za Bahari ya Hindi, za masika kuanzia Machi na za vuli kuelekea mwisho wa mwaka. PB nzuri ya mlimani inapata umbo lake kutoka kwenye ua na ladha yake kutoka kwenye mwinuko.

Safari ya arabika hadi Kilema

Kahawa ya arabika ina asili yake katika misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kutoka huko ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni, na katika karne ya 15 Masufi wa huko walikuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikiri. Bandari ya Mokha ikawa mlango wa kahawa ya dunia kwa muda mrefu. Mwaka 1715 Wafaransa walichukua miche Yemeni na kuipeleka katika kisiwa chao cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Miche hiyo ndiyo iliyozaa aina ya Bourbon, mojawapo ya mama wa mibuni ya Afrika Mashariki.

Kabla arabika haijafika Tanganyika, kahawa nyingine ilikuwepo tayari. Magharibi mwa Ziwa Nyanza, Wahaya walikuwa na robusta yao tangu zamani. Waliyachemsha matunda pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, kisha wakayatafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na waliochanjiana udugu walishiriki punje za tunda moja. Watawala wa Buhaya walisimamia kwa ukali nani apande na nani asipande. Pwani nako watu walikunywa kahawa iliyoletwa na majahazi kutoka Uarabuni, chungu na moto, lakini mbuni wenyewe haukuwa zao la pwani.

Arabika ilikuja kwa mkono wa wamisionari. Mwaka 1860 mapadri kutoka Réunion walifika Zanzibar. Shirika la Roho Mtakatifu likaichukua kazi yao, na mwaka 1868 likajenga misheni Bagamoyo. Mapadri hao walikuwa na desturi ya kufungua bustani kila walipoweka kituo, na mibuni ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Mwaka 1890 Askofu de Courmont alisafiri hadi Kilimanjaro pamoja na Padri Alexandre Le Roy, na misheni ikaanzishwa Kilema, katika nchi ya Fumba, mangi yaani mtawala wa Wachaga wa hapo. Hapo Kilema ndipo mibuni ya kwanza ya mlima inapohesabiwa kupandwa, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1898. Miche ikasambaa kwenda Kibosho na misheni nyingine, na kutoka misheni ikaingia kwa mamangi na kwa waumini.

Wajerumani nao walikuwa na mipango yao. Katika miaka ya 1890 makampuni yao yalifyeka misitu ya Usambara na kupanda kahawa kwa eneo kubwa. Udongo wa huko ulichoka upesi, magonjwa yakaingia, na mashamba mengi yakageuzwa. Walowezi wakauelekea mlima, wakachukua ardhi ya miteremko ya chini ya Kilimanjaro na ya Meru, na Wachaga wengi wakajikuta vibarua katika mashamba hayo. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kahawa ikapata njia ya kwenda bandarini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaunganisha reli ya Voi na ile ya Moshi, kwa hiyo mzigo ukaweza kwenda Mombasa pia.

Mbuni waingia kihambani

Kahawa ilikuta mlimani kilimo kilichokwisha kukomaa. Kihamba cha Mchaga kilikuwa na migomba, magimbi na viazi vikuu, ng'ombe waliolishwa zizini na kutoa samadi, na maji yaliyoletwa kwa mifongo iliyochimbwa kutoka kwenye mito ya juu. Mbuni ulipandwa chini ya migomba, ukapata kivuli, samadi na maji bila kuhitaji shamba jipya. Familia haikulazimika kuchagua kati ya chakula na fedha, maana vyote viwili vilitoka katika ardhi ile ile ya ukoo.

Baada ya vita, nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza, Charles Dundas, ofisa wa utawala wao wilayani Moshi, aliwahimiza Wachaga wapande kahawa kwa wingi. Walowezi walipinga. Walidai kwamba mibuni ya Waafrika ingeeneza magonjwa na kwamba wizi wa kahawa usingezuilika. Nyuma ya hoja hizo palikuwa na hofu ya kukosa vibarua, kwani mtu mwenye kahawa yake hana sababu ya kwenda kuchuma ya mwingine. Nchini Kenya hofu kama hiyo ilishinda, na Waafrika walizuiwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, walipoanza kupewa vibali vichache. Kilimanjaro hofu hiyo haikushinda. Wachaga waliendelea kupanda, na tofauti hii kati ya nchi mbili jirani iliamua nani angeumiliki mlima wa kahawa.

Haki hiyo ililindwa kwa chama. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama kilichojulikana kwa kifupi KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Kilipigania haki ya kulima, kikasimamia upuliziaji wa dawa dhidi ya wadudu na magonjwa, na kikauza kahawa ya wanachama kwa pamoja. Bei zilipoporomoka katika mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, chama kikaingia katika madeni na migogoro. Serikali ilikuwa na mashaka na uhuru wake. Sheria ya ushirika ikatungwa mwaka 1932, na mwanzoni mwa 1933 KNPA ikabadilishwa kuwa KNCU, chama kikuu kilichosimama juu ya vyama vya msingi katika nchi za mamangi. Leo KNCU inahesabiwa miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vikongwe kabisa barani Afrika.

Mwanzo wake haukuwa mtulivu. Kanuni iliwalazimisha wakulima wote kuuza kupitia KNCU peke yake, na mwaka 1937, bei zikiwa chini, hasira zikalipuka na baadhi ya maghala ya vyama yakashambuliwa. Serikali ilizima ghasia hizo kwa nguvu. Hata hivyo wakulima hawakuuacha ushirika. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei zilipanda, na fedha za kahawa zikajenga shule, zikalipa karo na kusomesha kizazi kizima cha watu wa mlima. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiliota katika udongo huo.

Kutoka kapu hadi daraja

Njia ya punje moja kutoka tawini hadi kwenye gunia lake inaeleza kwa nini ushirika ulikuwa wa lazima. Mavuno ya Kilimanjaro huanza karibu Julai na kuendelea hadi kuelekea mwisho wa mwaka. Matunda hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo wachumaji hurudia mti ule ule mara kadhaa wakichukua mekundu tu. Siku hiyo hiyo humenywa, ama kwa mashine ya mkono nyumbani, ama katika mtambo wa pamoja wa kijiji. Punje zikitoka zimefunikwa na utelezi, huvundikwa kwa siku moja hadi tatu kulingana na baridi ya mahali, kisha huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juu ya vichanja. Hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa jua likiwa kali na usiku, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 11 au 12.

Kahawa hiyo, ikiwa bado ndani ya ganda lake jembamba, hupelekwa chama cha msingi na kutoka hapo hadi kiwanda cha kukoboa cha Moshi. Mashine huondoa ganda, kisha punje hupita juu ya chekeche. Chekeche zenye matundu ya duara hupanga punje bapa kwa upana wake. AA ndizo kubwa, zinazobaki juu ya matundu ya karibu milimita 7, zikifuatwa na A, B na C. Chekeche nyingine zina matundu marefu na membamba, na hizo hutenganisha kwa unene, kwa kuwa punje ya mviringo na punje bapa huweza kulingana kwa upana lakini si kwa unene. Hapo PB hujitenga. Mashine za upepo huondoa punje nyepesi, waonjaji huonja sampuli, na kila daraja hupewa hesabu yake kabla ya kwenda mnadani Moshi.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa jambo hili. Kaya inayopata kilo 200 za kahawa safi kwa msimu itakuwa na kilo 10 hadi 20 za PB, na gunia moja la biashara lina kilo 60. Hakuna mkulima mdogo anayeweza kulijaza gunia hilo peke yake, wala mwenye mashine ya kuichambua. Haba na haba hujaza kibaba, na ni ushirika uliozikusanya haba za vihamba zikafikia kiasi cha kumshughulisha mnunuzi wa ng'ambo.

Uchambuzi huo una faida ya kweli kwa mkaangaji. Punje za umbo moja hupokea moto kwa usawa, na zile za mviringo hujiviringisha vizuri ndani ya pipa la kukaangia. Zikichanganywa na bapa, moja huweza kuungua nyingine ikiwa bado mbichi. Wauzaji wengi husema pia kwamba punje moja hupata ladha yote iliyokusudiwa kwa mbili. Dai hilo halina uthibitisho ulio imara kama ule wa umbo. Ubora wa PB hutegemea mambo yale yale yanayotegemewa na AA, yaani mwinuko, aina ya mbuni, uchumaji na uoshaji.

Lyamungu na mbegu za mlima

Mwaka 1934 kituo cha utafiti wa kahawa kilianzishwa Lyamungu, juu ya Moshi. Watafiti walichagua miti bora kati ya iliyokuwepo, na kutokana na kazi hiyo zikapatikana aina mbili zilizoijaza Tanzania ya kaskazini: N39, ya ukoo wa Bourbon, na KP423, ya ukoo wa Kent uliochaguliwa India. Ladha inayotambulika leo kuwa ya Kilimanjaro imetoka kwa kiasi kikubwa katika miti hiyo.

Mchango wa Tanganyika ulivuka mpaka. Mwaka 1931 ofisa wa kahawa kutoka Kenya, A. D. Trench, alikuta Monduli mibuni iliyostahimili ukame, akachukua mbegu na kuzipeleka Maabara ya Scott karibu na Nairobi. Kutokana na mbegu hizo ilichaguliwa SL28, aina iliyoijengea kahawa ya Kenya sifa yake, pamoja na PB yake.

Misukosuko baada ya uhuru

Katika miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda yangali mabichi, uliingia katika mashamba ya Tanzania. Kutu ya majani ilikuwepo tayari. Kuanzia hapo mkulima wa arabika alilazimika kupuliza mrututu mara kadhaa kwa msimu au kukubali kupoteza sehemu kubwa ya mazao, na gharama ya kulima ikabadilika kabisa.

Siasa nayo iliugusa ushirika. Mwaka 1973 mashamba makubwa ya walowezi mkoani Kilimanjaro yalitaifishwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima na kazi yao ikapewa vijiji na mamlaka ya serikali. Wakati huo huo baridi kali iliyoangamiza mibuni ya Brazili Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei ya dunia, lakini mkulima wa mlimani alipata sehemu ndogo tu ya neema hiyo, kwa kuwa makato njiani yalikuwa makubwa. Vyama vilirudishwa mwaka 1984, na KNCU ikasajiliwa upya.

Pigo lililofuata lilitoka nje. Tangu 1962 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulikuwa ukigawa viwango vya kuuza na kuzuia bei kuanguka. Julai 1989 mpango wa viwango hivyo ulivunjika na bei zikaporomoka. Kuanzia msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua moja kwa moja vijijini. Mkulima alipata fedha taslimu mapema, lakini ruzuku za pembejeo zilitoweka na kahawa nzuri ikachanganywa na duni katika kugombea mzigo. Mwanzoni mwa karne ya 21 bei zilifika chini kabisa, na katika vihamba vingi mibuni mizee iliachwa bila matunzo au kung'olewa ili ipishe migomba, nyanya na mahindi.

Jina Marekani na Japani

Katika miaka hiyo migumu, jina la PB lilizidi kukua nje. Nchini Marekani kahawa ya Tanzania iliuzwa hasa kwa daraja hili, na wanywaji wengi wa huko waliijua Tanzania kwa punje zake za mviringo kabla ya kuijua AA yake. Mahitaji hayo yaliifanya PB ipate mara nyingi bei inayokaribia ile ya punje kubwa. Wanunuzi waliponuia daraja badala ya mlima, PB ya Mbinga, Mbozi na nyanda nyingine za kusini iliingia pia katika soko hilo.

Japani ilichukua njia nyingine. Huko jina la mlima lenyewe ndilo linalouza. Filamu ya Kimarekani kuhusu theluji za Kilimanjaro, iliyotoka mwaka 1952, ilisaidia kulitangaza jina hilo, na kwa kanuni za biashara za Japani arabika yoyote ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, huweza kuitwa Kilimanjaro. Hivyo kahawa ya Wamatengo wa Mbinga, mbali kusini, hunywewa Tokyo kwa jina la mlima wa kaskazini.

Mlima wa leo

Kitovu cha arabika ya Tanzania kimesogea kusini, ambako ardhi ni pana zaidi na mibuni ni michanga. Kilimanjaro vihamba vimegawanywa kwa urithi vikawa vidogo sana, vijana wengi wameelekea mijini, na mibuni mingi ina zaidi ya nusu karne. Hali ya hewa nayo inabadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya kahawa ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo linaloumiza zaidi, na kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza mavuno kwa karibu kilo 137 kwa hekta. Ukanda unaofaa unapanda juu kuelekea msitu wa hifadhi, ambako mkulima hawezi kuufuata.

Kazi ya kuuokoa mlima inaendelea pale pale Lyamungu. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001 kwa mchango wa wakulima na wadau wa zao hilo, imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na miche yake huzalishwa kwa vikonyo ili kila mche ulingane na mama yake. Aina hizo humwondolea mkulima sehemu kubwa ya gharama ya dawa. Mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha imeongezeka vijijini, na KNCU imekuwa ikiuza sehemu ya kahawa yake katika biashara ya haki tangu miaka ya 1990. Karibu asilimia 90 ya kahawa ya Tanzania bado hutoka kwa wakulima wadogo, wenye mashamba yasiyozidi hekta chache.

Hali hiyo inaiweka PB katika nafasi yake halisi. Mbuni utaendelea kuzaa punje moja hapa na pale, kama unavyofanya kila nchi. Lakini gunia la PB ya mlimani litapatikana iwapo tu kaya nyingi zitaendelea kuchuma mekundu, kuosha vizuri na kupeleka pamoja, na iwapo malipo yatazirudia kwa kiasi kinachotosha kuifanya kahawa istahili nafasi yake chini ya migomba.